Mwenye Chungu cha Nili

Wanaomsifu Fundi huanza na mikono yake. Ilikuwa ya bluu mpaka kwenye viwiko, bluu isiyotoka kwa sabuni wala kwa ndimu, na wageni wake waliipiga picha kabla ya kumsalimia mwenyewe. Mimi nitaanza na mdomo wake. Mikono ile haikunitendea ubaya wowote. Mdomo ndio uliomkalisha mama yangu kwenye kiti cha plastiki katika kila msiba wa mtaa wetu, Kyebando, wenzake wakiwa motoni wanapika.

Asiyejua mambo ya kwetu atauliza kiti kina ubaya gani. Msibani, mwanamke anayepewa kiti ni mgeni au ni mgonjwa. Mwenye mtaa huvua viatu, humenya ndizi, hukoroga sufuria, na akitaka kulia hulia kwenye mkeka pamoja na wengine. Mama anaishi mtaa huu tangu tulipotoka kambini, baba alipostaafu upolisi na kurudi kwao Gulu bila sisi. Si mgeni na si mgonjwa. Lakini akifika tu penye msiba, mmoja wa wanawake huinuka upesi, hufuta kiti vumbi kwa upindo wa leso na kusema, "Mama Aber, kaa hapa, pumzika." Wanasema kwa upole mwingi. Hawataki tu akaribie sufuria.

Ninachokitaka kwa Fundi ni kitu kidogo: afute mbele ya wanawake wale neno alilolisema mbele yao. Nimeliwaza jambo hili kwenye foleni za usaili wa kazi, nimeliwaza nikiosha vyombo, nimetunga hotuba na majibu yake na majibu ya majibu, mpaka nikaijua sauti yake kuliko yangu. Nadhani ndiyo sababu naweza kumwandika. Simpendi, na sitajifanya kumpenda ili nionekane mwenye haki.

Alikozaliwa mwanamke huyu sitasema, wala ukoo wake, kwa sababu kila mtu aliambiwa habari tofauti. Jambo ambalo hakulibadilisha hata mara moja ni kwamba aliishi miaka mingi Abeokuta, Nijeria, na huko wanawake wa Kiyoruba walimfundisha kupika rangi ya nili na kuchora alama za miungu yao kwenye vitambaa vya kujifunga. Alirudi Kampala na leso moja kuukuu, maneno machache ya Kiyoruba, na tabia ya kunusa kila kitu: maji, mkate, barua, watu. Ukimletea mgeni, alimnusa kwanza. Nilipoingia bandani kwake siku ya kwanza alininusa pia, akasema, "Huyu ananuka woga."

Banda lake la mabati lilikuwa nyuma ya nyumba tuliyopanga, ng'ambo ya mtaro wa maji machafu. Ndani yake kulikuwa na vyungu, kamba za kuanikia, na majora ya pamba nyeupe aliyoyanunua soko la Kikuubo baada ya kuwatukana wauzaji watatu ili wa nne apunguze bei. Rangi zake zote zilitoka kwenye vitu ambavyo wengine hutupa au hupita bila kuviona. Maganda ya vitunguu na manjano yalimpa njano, ambayo alisema ni ya Osun, bibi wa mto, mwenye asali na shaba. Misumari yenye kutu kutoka kwa wafua vyuma wa Katwe, iliyolowekwa kwenye maji machachu, ilimpa nyeusi ya Ogun, bwana wa chuma. Nyeupe aliiacha kama ilivyo kwa ajili ya Obatala. Lakini fahari yake ilikuwa nili, na nili ilikaa kwenye chungu kikubwa kuliko vyote, kile kilichofunikwa kwa gunia kama mgonjwa wa homa.

Mama ndiye aliyekuwa mchoraji wake. Walichemsha unga wa muhogo ukawa uji mzito, na mama akauchovya kwa unyoya wa kuku na kuchora kwenye kitambaa: kitana cha Osun, shoka la Sango lenye makali pande mbili, samaki, mawimbi. Palipopakwa uji hapashiki rangi. Kitambaa kikizamishwa chunguni hutoka kikiwa kijani kama majani mabichi, halafu hewa inakigeuza bluu mbele ya macho yako, na ukikwangua uji michoro inabaki myeupe. Niliona jambo hilo mara nyingi sana na kila mara nilisimama kutazama. Fundi alinifukuza. "Digrii," alisema, "kazi yako iko kwa simu. Acha kukodolea nguo ya watu macho."

Digrii ndilo jina alilonipa, hata kabla ya kuhitimu. Nilikuwa nimemaliza mitihani nikingoja mahafali, na kazi yangu kwake ilikuwa kujibu wateja kwenye simu na kuandika vibandiko vya kueleza kila leso ina maana gani.

"Ulisoma nini pale chuo?" aliniuliza mbele ya watu wote bandani.

"Maendeleo ya jamii."

"Na hiyo jamii imeendelea?"

Wanawake walicheka. Mama pia alicheka, na hilo nililiwaza wiki nzima.

Aliwatukana watu kwa ustadi. Muuza mkaa aliyemletea mkaa uliolowa aliambiwa kwamba hata moto wa jehanamu ungemkataa. Mchungaji wa kanisa la jirani, aliyekuja kumwonya kuhusu mizimu, aliambiwa akae chini, akapewa chai, akaulizwa kama viatu vyake vya ngozi ya mamba alivipata kwa kufunga au kwa kuomba. Mimi mwenyewe niliambiwa kwamba nikitaka kuvuka barabara nitahitaji kwanza kuitisha kikao. Yote haya aliyasema bila kupaza sauti na bila kutabasamu, akipepeta majani makavu ya nili kwenye ungo.

Ila bandani hakutukana kwa hasira. Hasira ilikuwa na mahali pake. Chungu cha nili, alivyotufundisha, kina mwenyewe, naye anaitwa Iya Mapo, mlinzi wa wanawake wenye kazi za mikono. Iya Mapo hapendi ugomvi. Ukigombana karibu na chungu rangi inanuna, na ukizidi inakufa. Kwa hiyo Fundi akitaka kumgombeza mtu kwelikweli alifuta mikono, akatoka nje, akavuka mtaro kwa kuruka, akasimama upande wa pili, kwetu, na kumwaga maneno yote aliyokuwa nayo, mengine ya kambini ambayo baba yangu hakuwahi kuyatumia nyumbani. Akimaliza aliruka kurudi, akaingia bandani na kuuliza kwa sauti laini nani ameona kijiko. Wateja wengine walidhani ni michezo. Sisi tulijua kwamba Fundi akielekea mtaroni, kuna mtu anayepaswa kuomba.

Sijui aliamini nini. Kila asubuhi alimwaga pombe kidogo ya waragi chini, mbele ya chungu, akamtaja Iya Mapo, kisha akafanya ishara ya msalaba. Jumapili alikuwa benchi la mbele kwenye misa, mikono ya bluu ikiwa imeshika rozari nyeupe. Nilimuuliza siku moja kama haoni mgongano. Akanitazama kwa huruma ambayo sikuipenda.

"Wewe una baba na una mwenye nyumba," alisema. "Unasalimia wote wawili. Kuna mgongano?"

Na kwa wateja alikuwa na lugha mbili. Wageni waliotoka mahotelini waliambiwa kwamba kitana ni cha Osun, anayechana nywele zake mtoni, na kwamba anayejifunga leso hii anajifunga baraka za maji. Wageni walishika kitambaa kwa vidole viwili na kushusha sauti. Leso zenye dosari, yaani zile zenye mstari uliopinda au doa la rangi, aliwagawia wanawake wa mtaa bila malipo, ili wazivae misibani na harusini na watu waulize zimetoka wapi. Wanawake hawa wengi ni wa kanisa la yule mchungaji. Walipouliza michoro ni ya nini, Fundi aliwaambia samaki ni wa Petro, shoka la Sango ni maua, na kitana ni uzio wa bustani ya Edeni. Nilimsikia kwa masikio yangu. Wote wakaondoka wamefurahi.

Nisimsingizie. Mama alipopata malaria kali, Fundi ndiye aliyembeba mgongoni kutoka chumbani kwetu mpaka barabarani, akamsimamisha mwenye bodaboda kwa kusimama katikati ya njia. Zahanati alikaa naye mpaka alfajiri, na kulipokucha alimwambia, "Usinishukuru. Nani mwingine atanichorea?" Nimeligeuzageuza neno hilo miaka hii yote. Siku nyingine naliona ni utani wa mtu asiyejua kupokea shukrani. Siku nyingi naliona ni ukweli mtupu.

Sasa nifike kwenye chungu.

Nili haitoi rangi bila majivu. Maji yanapitishwa kwenye majivu, yanatoka makali yenye utelezi, na hayo ndiyo yanayoyafungua majani. Fundi alitumia majivu ya maganda ya ndizi. Mama aliyakusanya kwenye vihoteli vya Kyebando, akayaanika, akayachoma mwenyewe. Msimu ule mvua haikukatika. Maganda yalioza kabla ya kukauka, na Fundi alikuwa na oda kubwa ya leso kwa ajili ya maonyesho hotelini. Akaenda Katwe kwa ajili ya misumari yake, akarudi na gunia la majivu kutoka kwa vijana wanaoyeyusha vyuma kutengeneza masufuria.

Nilikuwepo mama alipolifungua gunia. Alichukua kiganja kimoja, akanusa.

"Fundi, hii majivu ina harufu ya oili."

"Majivu ni majivu."

"Hii si ya kuni safi. Walichoma mbao ya rangi."

"Mama Aber, mvua inanyesha, oda inangoja, wewe unataka majivu ya mbinguni. Mwaga."

Mama akamwaga.

Asubuhi hiyohiyo, mama akikoroga, simu yake ililia. Alikuwa baba, kutoka Gulu. Alisema hatakuja kwenye mahafali yangu kwa sababu mbuzi wake wanaumwa. Mama alimsikiliza kwanza. Halafu akapaza sauti, pale pale kando ya chungu, kijiti kikiwa bado mkononi. Alimwambia kwamba mtoto wake wa kwanza kuvaa joho si mbuzi. Alisema na mengine, ya zamani, ambayo sikujua kwamba bado anayabeba. Akakata simu. Fundi alifunika chungu kwa gunia.

Siku chache baadaye chungu kilikuwa kimekufa. Nili hai ina harufu kali inayopanda puani, na juu yake kuna povu la zambarau. Hiki kilinuka kama panya aliyefia darini, na povu lilikuwa limekwisha. Leso ya kwanza ilitoka na rangi ya maji ya kuoshea vyombo. Ya pili vilevile. Wakati huo wanawake wa mtaa walikuwa wamejaa mlangoni, wamekuja kuchukua leso zao za dosari, na mwakilishi wa hoteli alikuwa amesimama na mwavuli wake akiuliza kuna shida gani.

Fundi hakuvuka mtaro siku hiyo. Alisimama bandani, mbele ya wote, akasema kwa ile sauti yake ya chini.

"Mama Aber, umeua chungu. Ulipigia mume wako kelele juu ya kichwa cha Iya Mapo. Mkono wako una moto. Toka uende, usishike chombo changu tena."

Nilimtazama mama nikingoja ataje majivu. Mimi pia ningeweza kuyataja. Nilifungua mdomo, na Fundi akasema bila hata kunigeukia, "Digrii, hii si kikao." Mama alikuwa tayari ameweka kijiti chini, kwa uangalifu, kana kwamba ni cha kuvunjika. Tukaruka mtaro tukaenda kwetu.

Wanawake wale hawajui Iya Mapo ni nani, na wangemjua wangemkemea kwa jina la Yesu. Lakini "mkono wako una moto" walilielewa vizuri kabisa. Kufikia msiba uliofuata lilikuwa limeshageuka: mkono wa Mama Aber unaua kilicho chunguni. Wali wake utaungua, ndizi zake hazitaiva, mchuzi wake utawaumiza watu tumbo. Hakuna aliyemtukana. Walimletea kiti.

Nilimwambia mama zaidi ya mara moja kwamba yalikuwa majivu. Jibu lake lilikuwa moja. "Nilipaza sauti, Aber. Ulisikia." Alikuwa amefanya kazi bandani muda mrefu mno kiasi cha kutojua tena anaamini nini. Nyumbani alipika kama kawaida, ila nilianza kumwona akionja chakula mapema, kabla ya wakati wake, kama mtu anayechungulia kuona kama kimeharibika.

Fundi alihama muda si mrefu. Sasa yuko upande wa Ggaba, karibu na ziwa, kwenye jengo lenye bustani na viti vya mianzi. Siku moja rafiki alinitumia video. Fundi amesimama mbele ya wageni, kichwani kilemba cha nili, mikono ameiinua waione. Anawaeleza kuhusu chungu chake cha kwanza, kilichokufa kwa sababu mwanamke mmoja alikuja na kinyongo moyoni na kukimwaga juu ya rangi. Wageni wanaguna. Mmoja anauliza kilichompata mwanamke huyo. Fundi ananyamaza kidogo, anajua kunyamaza, kisha anasema, "Anaendelea na maisha." Sikumwonyesha mama. Niliitazama mara nyingi, nikisikiliza kama kuna mahali popote sauti yake inatetereka. Haitetereki.

Mwaka jana alifariki mzee mmoja wa mtaani, sajenti mstaafu aliyefahamiana na baba tangu kambini. Siku ya mazishi uwanja wa nyumba yake ulijaa mahema, na upande wa nyuma wanawake walikuwa kwenye mafiga tangu asubuhi, wamejifunga leso zao za bluu kiunoni. Mama alifika na kisu chake cha kumenyea kikiwa kwenye mfuko, kama anavyofanya kila mara. Wakampa kiti, chini ya hema, karibu na wazee wa kiume.

Kabla ya mchana gari lilisimama barabarani, akashuka Fundi. Alikuwa amenenepa kidogo. Alimletea mjane leso mpya, akamfunga mwenyewe mabegani, akalia naye kwa muda, na sidhani alikuwa anaigiza. Kisha alitembea peke yake kuelekea kwenye tangi la maji kunawa, na mimi nikamfuata. Hotuba yote niliyoitunga miaka hiyo ilinitoka kichwani hatua ya kwanza.

"Habari ya siku nyingi, Fundi."

"Digrii." Hakugeuka. "Umekonda. Umepata kazi?"

"Bado."

"Unafikiri mingi. Kazi inakuja, unakaa unaifikiria, inapita inaenda kwa mwingine."

"Nina ombi."

"Sema. Jua linaniua."

"Waambie wale wanawake kwamba mama hakuua chungu."

Alifunga bomba. Akakung'uta mikono, bluu yake imefifia sasa, imebaki kwenye kucha na mikunjo.

"Nani alisema aliua?"

"Wewe."

"Nilisema siku ile. Siku ile imekwisha."

"Kwao haijaisha. Tazama alipokaa."

Akatazama. Alimwona mama chini ya hema, na mfuko wake magotini, peke yake kati ya wazee.

"Ana kivuli," alisema. "Mimi sijapewa hata kiti."

Nilidhani nitalia, na kulia mbele ya Fundi ni jambo nililolihofia kuliko yote, kwa hiyo nikasema haraka, "Yalikuwa majivu. Ya Katwe. Mama alikwambia."

Nilitarajia akane. Nilikuwa na majibu ya kukana.

"Ndiyo, ilikuwa majivu," alisema. "Nilijua kesho yake. Nilitia kidole nikaonja, nikapata oili ya gari. Unafikiri mimi ni mtoto kwa hii kazi?"

"Kesho yake? Kabla hujamfukuza?"

"Kabla."

Wanaume wawili walipita wamebeba benchi, wakibishana kuhusu mpira. Fundi aliwangoja wapite.

"Sikiliza, wewe umesoma. Mtu ya hoteli amesimama pale na mwavuli. Nikisema majivu, ni kosa yangu, mimi nilileta. Anatafuta fundi mwingine. Nikisema Iya Mapo amekasirika, anaogopa kidogo, anangoja. Alingoja. Hata aliongeza oda."

"Na leo? Oda ilishaisha."

"Leo hiyo habari inauza leso yangu kuliko rangi. Wazungu wanakuja wanauliza, chungu ni hiki? Nikienda pale kwa mafiga niseme ilikuwa oili ya gari, Jumapili mchungaji anatangaza kwa spika. Jumatatu iko kwa simu ya kila mtu." Alijifuta mikono kwenye leso yake mwenyewe, taratibu. "Mama yako amekosa sufuria ya msiba. Mimi nitakosa chungu. Hiyo si kitu moja."

"Ni jina lake."

"Jina linakaa. Yuko hai, anakula, ana mtoto mwenye digrii." Akanishika begani. Mkono ulikuwa bado na ubaridi wa maji. "Mimi sina vita na mama yako. Mwambie nimemsamehe."

Akaenda kukaa na mjane.

Nilibaki kando ya tangi. Niliwaza kwenda mwenyewe kwenye mafiga na kupaza sauti, nikaona nitakavyoonekana, binti asiye na kazi anayemtetea mama yake msibani dhidi ya mwanamke aliyewavika wote. Niliwaza pia kwamba alikuwa amekiri, na kukiri si kitu kidogo, na labda hiki ndicho mama alichokihitaji kuliko kitu chochote: kujua. Nikalishika hilo. Nikaenda nikachuchumaa kando ya kiti chake.

"Nimeongea na Fundi."

"Nimeona."

"Amesema yalikuwa majivu. Alionja akapata oili. Si wewe, mama. Hata sauti yako haikuhusika."

Mama alifumba macho. Mabega yalimshuka, nami nikaona kitu kikimtoka usoni, kitu nilichokizoea mpaka nikadhani ndivyo uso wake ulivyo. Nikafikiri imekwisha.

Kisha akafumbua macho. "Alisema mbele ya nani?"

"Mbele yangu."

"Peke yako?"

"Peke yangu."

Aligeuka akatazama kule kwenye moshi, ambako wanawake walikuwa wakifunua ndizi, majani ya migomba yakitoa mvuke.

"Basi hajasema," alisema.

Sikumwambia kwamba amesamehewa. Hilo nimelibeba mwenyewe mpaka leo.

Chakula kilianza kugawiwa, na wageni hupewa kwanza. Binti mmoja wa mtaani, aliyekuwa mdogo wakati tunafukuzwa bandani, alimletea mama maji ya kunawa, akapiga magoti mbele yake kama inavyopasa mbele ya mgeni, akamkabidhi sahani kwa mikono miwili. Mama akapokea kwa mikono miwili. Binti alikuwa amejifunga leso ya nili yenye samaki, iliyofuliwa mara nyingi mpaka ikawa laini. Mama aliweka sahani magotini, akanyoosha kidole, akagusa samaki mmoja pale kiunoni, ambaye mkia wake ulikuwa umeruka kando.

"Hapa nilipiga chafya," alisema.

Binti hakuelewa. Alitabasamu kwa heshima, akainuka, akarudi kwenye sufuria.